Mafundi wa visima, msifunge vihisi kwenye elbo

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua niseme na mafundi wa maji pamoja na kamati za vijiji zinazopokea kazi yao. Miradi mingi ya visima vya pampu za sola sasa inakuja na kisanduku cha ukutani kinachoonyesha maji yanayopanda tangini kwa saa na kwa siku. Namba ile inatoka kwenye kihisi kimoja kilichochomekwa bombani, ambacho mafundi wanakiita tu "sensa". Miezi michache ikipita, kisanduku kinasoma sifuri huku tanki linafurika, au kinaonyesha mita za ujazo 40 kwa siku ambayo kisima hakina uwezo wa kutoa zaidi ya 25. Kamati inaambiwa kifaa kimekufa, kinang'olewa, tundu linazibwa kwa plagi, na kijiji kinarudi kukisia. Mara nyingi kifaa hicho ni kizima kabisa. Kilichokosewa ni namna kilivyofungwa, na kosa lenyewe linafanyika siku ya kwanza, kabla hata gundi haijakauka.

Kwanza tukijue. Kinachoingia ndani ya bomba ni kigurudumu kidogo cha plastiki chenye mapanga kama ya pangaboi, kinachozunguka kwenye kipini chembamba. Kwenye mapanga kuna visumaku. Maji yakipita yanasukuma mapanga, na kila kisumaku kikipita mbele ya kitambuzi kilichofichwa kwenye mwili wa kihisi unatoka mpigo mmoja wa umeme. Kisanduku kinahesabu mapigo hayo. Kwa hiyo kifaa hiki hakipimi lita. Kinapima mwendo wa maji pale tu mapanga yalipo, kisha lita zinapatikana kwa hesabu: mwendo mara eneo la ndani la bomba. Ukikosea mwendo au ukikosea eneo, kila lita unayosomewa ni ya uongo.

Sasa mahali. Maji yakitoka kwenye elbo, yaani kiungo cha kona cha bomba, hayaendi sawasawa. Yanakimbilia upande wa nje wa kona, na upande wa ndani yanabaki yakijizungusha bila kwenda mbele. Kihisi kikikaa hapo kinasoma upande mmoja tu wa vurugu hiyo. Elbo mbili zilizofuatana, moja ikielekea kushoto na nyingine juu, ni mbaya zaidi, maana maji yanaanza kujisokota kama kamba na msokoto huo unasafiri mbali bombani. Valvu iliyofunguliwa nusu inarusha mkondo mwembamba wenye kasi, kama mpira wa maji uliobanwa kwa kidole. Ndiyo maana watengenezaji wanadai bomba lililonyooka kabla ya kihisi, na urefu wake unahesabiwa kwa kipenyo cha ndani cha bomba. Majedwali yao yanatofautiana kidogo, lakini ukitumia haya hutajuta: mara 10 baada ya flanji (kiungo cha sahani na bolti), mara 15 baada ya redyusa (kiungo cha kupunguza bomba), mara 20 baada ya elbo moja, mara 40 baada ya pampu au elbo mbili zinazoelekea pande tofauti, na mara 50 baada ya valvu. Baada ya kihisi acha mara 5 nyingine kabla ya kugusa chochote.

Tuchukue bomba jeusi la milimita 63 lenye alama PE100 PN10, yaani aina ya plastiki na msukumo linaouhimili, bari 10. Unene wa ukuta wake ni milimita 3.8, kwa hiyo ndani ni 55.4. Mara 20 ni mita 1.1. Mara 50 ni karibu mita 2.8. Upande wa kutokea ni sentimita 28. Halafu nenda kaangalie kichwa cha kisima cha kawaida: bomba linatoka ardhini, elbo, valvu ya kuzuia maji kurudi, dira ya maji, geti valvu, elbo nyingine, vyote vimebanana ndani ya chemba ya zege yenye urefu wa mita moja. Kihisi kimechomekwa kati ya geti valvu na elbo, kwa sababu hapo ndipo palipobaki nafasi ya kuweka tii, kile kiungo cha njia tatu kinachokishika. Hakuna namba ya kweli itakayotoka hapo, hata kifaa kingekuwa cha bei gani. Kitoe nje ya chemba. Kipeleke kwenye njia ya kwenda tangini, pale bomba linaponyooka mita tatu au nne, kijengee kichemba chake chenye mfuniko. Gharama inayoongezeka ni waya wa mita chache na matofali.

Jambo la pili ni kipenyo cha ndani, na hapa wanakosea hata mafundi wazuri. Bomba la milimita 63 linauzwa la PN10 na la PN16, kwa nje yanalingana kabisa. Lakini PN16 ya PE100 ina ukuta wa milimita 5.8, ndani inabaki 51.4. Maji yakienda mita moja kwa sekunde, bomba la PN10 linapitisha mita za ujazo 8.68 kwa saa, la PN16 linapitisha 7.47. Fundi akiingiza kwenye kisanduku 55.4 wakati bomba lililolala ardhini ni la PN16, usomaji unazidi kwa asilimia 16. Kijiji kitaandikiwa lita 11,600 kwa kila lita 10,000. Wengine wanaandika 63 yenyewe, kipimo cha nje, na hapo uongo unapita asilimia 29 hata kwa bomba la PN10. Usiulize dukani, wala usitegemee karatasi ya zabuni. Soma maandishi yaliyochapwa ubavuni mwa bomba, kisha ukikata kipande pima unene wa ukuta kwa venia, kile kipimo cha taya.

Kinachofuata ni kasi, na kwa pampu za sola hili ni kubwa. Vihisi vingi vya aina hii havianzi kusoma vizuri mpaka maji yafikie kama mita 0.3 kwa sekunde. Chini ya hapo kigurudumu kinasitasita au kinasimama kabisa, na maji yanapita bila kuhesabiwa. Kwenye bomba la 63 PN10 kasi hiyo ni mita za ujazo 2.6 kwa saa. Pampu ya sola inayotoa mita za ujazo 6 kwa saa jua likiwa utosini hutoa chini ya 2.6 asubuhi, jioni, na wingu likitanda. Maji yote ya saa hizo yanapotea kwenye hesabu, kisha watu wanatazamana kwa shaka kwamba kuna mtu anaiba. Kwenye bomba la 110 PN10 ndiyo usiseme: linahitaji karibu mita za ujazo 8 kwa saa ili kigurudumu kianze kazi, kwa hiyo pampu ile haitasomwa hata saa sita mchana. Tiba ni kupunguza bomba mahali pa kihisi tu. Weka kipande cha milimita 50 PN10, ambacho ndani ni 44. Hapo kihisi kinaanza kusoma kwenye mita za ujazo 1.64 kwa saa, na mchana, pampu ikitoa 6, maji yanakwenda mita 1.1 kwa sekunde, mwendo mzuri kabisa. Urefu unaohitajika baada ya redyusa ni sentimita 66 na upande wa pili 22, hivyo kipande cha mita moja kinatosha. Msukumo unaopotea kwenye kipande kifupi hivyo ni mdogo sana.

Halafu bomba lazima lijae. Kuna kihisi unakikuta kimefungwa juu ya tanki, kwenye bomba linaloshuka kumwaga maji. Bomba linaloshuka na kumwaga wazi halijai. Maji yanateleza upande mmoja na hewa upande mwingine. Kifunge kwenye bomba linalopanda, maji yakitoka chini kwenda juu, au kwenye bomba la kulala ambalo mbele yake linapanda kabla ya kumwaga. Kwenye bomba la kulala usikiweke chini kabisa, mchanga na tope vitakijaa. Juu kabisa panafaa tu kama una hakika hakuna hewa, na kwenye kisima hakika hiyo huwa haipo. Kilaze kama nyuzi 45 kutoka juu. Mapovu yatapita juu yake, tope litapita chini yake.

Hewa ina madhara mengine. Valvu ya kuzuia maji kurudi ikivuja, bomba linakauka usiku. Asubuhi pampu ikianza, safu ya hewa inasukumwa kwa kasi na kigurudumu kinalia kama nzi kabla maji hayajafika. Kipini kinachakaa na kisanduku kinaandika maji ambayo hayapo. Na wakati maji yalipokuwa yakirudi kisimani usiku, kigurudumu kilizunguka kinyumenyume, lakini kihisi cha kawaida hakijui mbele na nyuma: kila mpigo kinauhesabu kuwa ni maji yaliyopanda. Maji yaleyale yanahesabiwa mara tatu, yakipanda jana, yakirudi usiku, yakipanda tena leo. Ukiona kisanduku kinaongeza lita usiku wa manane pampu ikiwa imezimwa, acha kihisi, nenda kakague valvu.

Tuje kwenye kutoboa na kufunga. Tumia sadoli (kibanio kinachokumbatia bomba lililotobolewa) au tii iliyotengenezwa kwa ajili ya kihisi hicho na kwa kipimo hicho cha bomba. Sababu ni kina. Maji ya katikati ya bomba yanakwenda kasi kuliko ya ukutani, na sehemu ambayo mwendo unakaribia wastani wa bomba zima iko kama asilimia 12 ya kipenyo kutoka ukutani. Kwa bomba letu la 55.4 ni milimita 6.6 tu. Ukikisukuma kihisi hadi katikati kitasoma kama asilimia 20 zaidi. Ukitumia tii ya kawaida ya dukani ukaongeza nipo na soketi ili kifike kwenye uzi wake, mapanga yanabaki yamejificha shingoni mwa tii, yanaguswa na maji kwa ncha tu. Kizungushe kwa kidole ukiwa umeshika tochi, uangalie kwa tundu la bomba kabla hujaunganisha: unapaswa kuona mapanga yametokeza ndani, hayajazama shingoni. Dakika moja ya kuchungulia hivyo inaokoa safari ya kurudi kijijini.

Tundu litobolewe kwa msumeno wa duara wa kipimo kilichoandikwa kwenye sadoli, drili ikisimama sawasawa juu ya uso wa bomba na kuelekea katikati yake, kwenye zile nyuzi 45 kama bomba ni la kulala. Kile kisahani kinachokatika usikiache kikadondoka ndani. Hesabu kwamba umekitoa. Kwaruza kingo za ndani kwa kisu na msasa mpaka kidole kipite bila kukwama, kwa sababu nyuzi za plastiki zinazoachwa na msumeno ndizo zinazojizungushia kwenye kipini wiki ya kwanza. Kwenye PVC ya gundi, paka gundi kiasi; ikizidi inasukumwa ndani na kuganda kama jino mbele ya mapanga. Iache saa 24 kabla ya kutia maji yenye msukumo. Kisha, na hili linasahauliwa karibu kila mahali, safisha bomba kwanza kihisi kikiwa nje, plagi ikiwa mahali pake. Fungua maji dakika kumi au kumi na tano mpaka udongo, unyoya wa plastiki na mabaki ya tredi tepu yatoke yote. Ndipo uchomeke kihisi.

Oringi, zile pete za mpira za kihisi, zipake grisi ya silikoni. Grisi ya gari inavimbisha baadhi ya aina za mpira wa oringi, na baada ya muda kihisi hakitoki bila kuvunjwa. Mshale ulio juu ya kihisi ufuate maji, na vile vibawa vya pembeni vilingane na bomba. Kikikaa upande, mapanga yanapokea maji kiubavu na usomaji unapungua. Kofia yake ya plastiki kaza kwa mkono. Spana inapasua nyuzi, na ufa hauonekani mpaka siku msukumo ukipanda. Na yeyote atakayekifungua baadaye azime pampu, afunge valvu, atoe msukumo wote kwanza. Kwenye bomba lenye bari 4, tundu la milimita 40 linasukumwa kwa nguvu ya kama kilo 50. Kihisi kinaweza kutoka pale na kumpiga fundi usoni.

Upande wa umeme nitakwenda haraka. Kihisi kinachotumia transista ya wazi (open collector) kinahitaji rezista ya kukivuta juu, kiloomu 10 kwa kawaida, kati ya waya wa ishara na umeme chanya, isipokuwa kama kisanduku tayari kinayo ndani. Bila hiyo hakuna mpigo utakaoonekana. Kwenye vile vidogo vya inchi nusu vya nyaya tatu, nyekundu ni chanya, nyeusi ni hasi, njano ni ishara. Kupima ni rahisi: maltimita kwenye njano na nyeusi, zungusha kigurudumu polepole kwa kidole, volti ipande na kushuka. Waya uwe wenye kinga ya foili, na kinga hiyo iunganishwe ardhini upande mmoja tu, kwenye kisanduku. Usiupitishe kwenye bomba moja la nyaya na waya za pampu zinazotoka kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa sola kuendesha pampu. Inveta inapiga kelele za umeme, na kisanduku kinazihesabu kama maji. Dalili yake haifichiki: funga valvu, washa pampu kwa sekunde chache, namba ikiendelea kupanda, hayo ni makelele ya umeme.

Vile vya inchi nusu vinavyopendwa na vijana wanaotengeneza mashine za kuuzia maji vina kanuni yao: mapigo kwa sekunde ni 7.5 mara lita kwa dakika, yaani mapigo 450 kwa lita. Ni mahali pa kuanzia tu. Kila kimoja kinatofautiana na mwenzake, kwa hiyo kila kimoja kipimwe.

Na kupima kwenyewe hakuhitaji maabara. Tafuta tanki la lita 1,000, au pipa la lita 200 ambalo umelihakikisha kwa ndoo zilizopimwa kwenye mizani, maana kilo moja ya maji ni lita moja. Andika namba ya kisanduku, jaza hadi kwenye alama, andika tena. Rudia mara tatu kwa mwendo wa kawaida wa pampu. Kisanduku kikisema 1,080 wakati tanki limepokea 1,000, zidisha kipimo cha mapigo kwa lita kilichomo kisandukuni kwa 1.08. Kama kilikuwa 60, andika 64.8, kisha jaza tena kuhakikisha. Majibu matatu yakitofautiana sana kati yao, usirekebishe namba yoyote. Hapo una hewa, takataka kwenye kipini, au elbo iliyo karibu mno, na kurekebisha namba ni kuficha ugonjwa.

Sababu ya kulisemea hili kwa uzito ni klorini. Miradi mingine imeunganisha mapigo ya kihisi na pampu ndogo ya dawa: maji mengi, dawa nyingi, maji machache, dawa chache. Kigurudumu kikikwama kwa ukoko wa chokaa au ute wa kutu, pampu ya dawa inaelewa kwamba hakuna maji, inasimama, na kijiji kinakunywa maji yasiyotibiwa ambayo kwa macho ni meupe kama ya jana. Hakuna kengele inayolia. Shirika la Afya Duniani linataka ibaki angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita maji yanapofika bombani kwa mtumiaji. Penye mfumo wa namna hii, mhudumu apime kila siku kwa vidonge vya kupimia, na matokeo ya bombani yaaminiwe kuliko kisanduku.

Mikoa yenye visima vya mchanga au maji magumu, kama Dodoma na Singida, weka chujio kabla ya kihisi, mbali ya kutosha, kwa sababu chujio nalo linavuruga maji kama valvu. Kwenye mabomba ya chuma yenye kutu, sumaku za mapanga zinavuta unga wa chuma mpaka zinaota ndevu. Kila miezi mitatu kitoe, kipulize taratibu kwa mdomo. Kikizunguka kwa ulaini na kusimama polepole, ni kizima. Kikikwaruza, badilisha kigurudumu na kipini pamoja, maana kipini kilicholika kitakula kigurudumu kipya. Ukoko wa chokaa lowesha kwenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Maji ya betri yasiguse kifaa hicho.

Naziomba kamati za maji, na wahandisi wa RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini) wilayani wanaozisimamia, waweke masharti mawili kwenye mkataba. La kwanza, mchoro uonyeshe mita za bomba lililonyooka kabla na baada ya kihisi, siyo alama tu ya duara kwenye mstari. La pili, malipo ya mwisho yasitoke mpaka tanki limejazwa mara tatu mbele ya kamati na majibu yameandikwa. Wala kisanduku hiki kisitumike kumtoza mtu fedha. Kazi hiyo ni ya dira iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo; kihisi cha mapanga ni cha kuendeshea mtambo na kugundua uvujaji.

Na fundi kabla hajaondoka abandike ndani ya mlango wa kisanduku karatasi iliyofunikwa kwa plastiki: kipenyo cha ndani cha bomba kwa milimita, kina cha kihisi, mapigo kwa lita yaliyoingizwa, tarehe ya kujaza tanki na majibu yote matatu. Kisanduku kikipata hitilafu na mipangilio ikafutika, mhudumu atakuwa na cha kuanzia bila kumsubiri mtu kutoka mjini.

Fundi mitambo ya maji,
Dodoma